Silaha za Kuongozwa na Jeshi la Nchi Kavu: Zinachokipa Kikosi na Zisichoweza Kukipa

Kombora la kawaida la mzinga, likishatoka mdomoni mwa bomba, halina tena wa kuliamrisha: upepo, joto la hewa, uchakavu wa bomba na tofauti ndogo ya baruti ndivyo vinavyoamua litaanguka wapi, na aliyelifyatua hana la kufanya ila kumsubiri mwelekezi, yaani askari aliye mbele mwenye darubini na redio, amweleze lilikoangukia ili la pili lirekebishwe. Silaha ya kuongozwa hutofautiana nalo kwa jambo moja: huweza kubadili mwendo wake ikiwa hewani, ama kwa kufuata waya au mwanga wa leza unaoshikiliwa na askari, ama kwa kusoma mahali ilipo kutoka kwenye setilaiti, ama kwa jicho lake lenyewe linalotambua joto au umbo la shabaha. Mengi yanayosemwa kuhusu silaha hizi, ya kuzisifu na ya kuzilaumu, hutokana na kusahau kwamba uwezo huo mmoja hauleti mwingine wowote.

Watu wengi huzihusisha silaha hizi na ndege za kivita, lakini askari wa miguu walizipata mapema sana. Makombora ya kupambana na vifaru yaliyoongozwa kwa waya yalianza kutumiwa na majeshi ya Ulaya katika miaka ya 1950, na katika vita vya Oktoba 1973 askari wa Misri waliokuwa wamejichimbia kando ya Mfereji wa Suez waliviharibu vifaru vingi vya Israeli kwa kombora la Kisovieti la Malyutka, lililobebwa na mtu katika sanduku mfano wa begi la safari. Kenya nayo haikuachwa nyuma: helikopta za Hughes 500 zilizonunuliwa kwa ajili ya kupambana na vifaru zilikuwa na makombora ya TOW ya Marekani, na Jeshi la Nchi Kavu lilijipatia makombora ya MILAN yenye uwezo wa kupiga umbali wa takriban kilomita mbili. Kilichobadilika katika karne hii ni kwamba teknolojia hiyo imeenea kwenye mizinga mikubwa, mota na roketi, silaha ambazo kwa asili yake ni za kurusha kwa wingi na kukisia.

Wataalamu huupima usahihi kwa nusukipenyo cha duara ambamo nusu ya makombora yote yaliyofyatuliwa yanatarajiwa kuanguka. Kwa mzinga wa milimita 155 unaopiga mbali bila marekebisho ya mwelekezi, nusukipenyo hicho chaweza kufikia mita 200 au zaidi, ilhali kombora la Excalibur, ambalo majeshi ya Marekani yalianza kulitumia Iraq mwaka 2007 na ambalo huongozwa na setilaiti za GPS, hukishusha hadi mita chache tu. Ramani ya Nairobi yatosha kuonyesha maana ya tofauti hiyo. Duara la mita 200 likichorwa katikati ya wadi ya Waithaka, eneobunge la Dagoretti Kusini, litafunika takriban ekari 31 za nyumba za kupangisha, maduka, makanisa na pengine shule nzima, na hata hapo nusu ya makombora yatakuwa yameanguka nje yake. Duara la mita 10 halijazi hata ploti moja ya futi 50 kwa 100.

Hesabu ya kawaida ya uwezekano huifafanua tofauti hiyo zaidi. Iwapo lengo ni kuangusha kombora ndani ya mita 20 za shabaha moja, tuseme mtaro wenye bunduki ya rashasha, silaha yenye kosa la mita 200 ina nafasi isiyofika asilimia moja kwa kila kombora, kiasi kwamba kwa wastani makombora yapatayo 145 yatahitajika. Yenye kosa la mita 10 ina nafasi ya asilimia 94 kwa kombora la kwanza. Mwelekezi hodari anayerekebisha mapigo huipunguza sana idadi hiyo ya kwanza, lakini kila pigo la marekebisho humwonya adui ahame au ajifukie, na kwa hiyo faida ya kupiga bila kutanguliza onyo hubaki hata pale ambapo mizinga ya kawaida ingefika.

Kwa jeshi linalopigana mbali na nyumbani, faida kubwa zaidi huenda isiwe shabaha yenyewe bali mzigo. Kombora moja la milimita 155 lina uzito wa kilo 45 hivi, na makombora 145 yanapita tani sita, mbali na baruti zake. Tangu Majeshi ya Ulinzi ya Kenya yaingie Somalia Oktoba 2011 katika Operesheni Linda Nchi, masanduku mengi ya risasi yamelazimika kupitia njia za Liboi, Dhobley na Afmadow kuelekea Kismayu, barabara za vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa mvua, ambamo wapiganaji wa Al-Shabaab hutega mabomu bila kuchoka. Lori moja lisilohitajika katika msafara ni lori lisiloweza kulipuliwa. Katika vita vya aina hii waliokufa barabarani ni wengi, na hoja ya uzito, ambayo hupewa nafasi ndogo katika vijitabu vya watengenezaji silaha, ina thamani kuliko hoja ya kugonga dirisha fulani.

Faida ya pili ni ukaribu. Mafunzo ya majeshi ya Magharibi huhesabu pigo la mizinga au mota linaloanguka ndani ya mita 600 za askari wao wenyewe kuwa la hatari kwao, linalohitaji idhini ya kamanda aliye papo hapo. Adui anayelijua hilo hujisogeza karibu kadiri awezavyo, kwa sababu ndani ya umbali huo mizinga ya upande wa pili hunyamaza. Silaha ya kuongozwa humnyang'anya kinga hiyo, na kwa kikosi kidogo kilichozingirwa hilo laweza kuwa tofauti kati ya kushikilia kambi na kuipoteza.

Mfano wa El Adde hutajwa mara nyingi katika mjadala huu, na hutajwa vibaya. Alfajiri ya Januari 15, 2016, Al-Shabaab walivamia kambi ya Wakenya iliyokuwa chini ya ujumbe wa Umoja wa Afrika, AMISOM, katika eneo la Gedo, Somalia, wakitanguliza gari lililojazwa vilipuzi, na wakaiteka. Serikali ya Kenya haikutangaza idadi kamili ya waliouawa, ila makadirio ya watafiti yamezidi askari 140. Mwaka mmoja baadaye, Januari 27, 2017, mbinu hiyo hiyo ya magari ya kujilipua ilitumika dhidi ya kambi ya Wakenya ya Kulbiyow. Ni kweli kwamba kombora la kuongozwa la kupambana na vifaru ndilo jibu bora kwa gari la deraya lililojazwa baruti, kwa kuwa hulikuta likiwa bado umbali wa kilomita mbili, ilhali bunduki za kawaida hulikuta langoni. Lakini kombora hilo hutaka askari aliye macho, aliyepewa eneo wazi la kutazama, mwenye kifaa cha kuona usiku, na aliyeonywa. Na baada ya lango kuvunjwa, kilichohitajika El Adde kilikuwa msaada kutoka nje, ambao haukufika kwa wakati. AMISOM kwa miaka mingi iliruhusiwa kwenye karatasi kuwa na helikopta 12 za kijeshi na haikuzipata; Uganda ilipojaribu kupeleka zake Agosti 2012, tatu za aina ya Mi-24 zilianguka katika Mlima Kenya zikiwa njiani. Kikosi kisicho na redio inayosikika wala ndege ya kuitwa hakikosi usahihi, hukosa mambo yanayotangulia usahihi.

Hapo ndipo mipaka ya silaha hizi inapoanzia. Silaha ya kuongozwa hufika mahali ilikoelekezwa, wala haiulizi kama mahali hapo ndipo panapostahili. Desemba 5, 2001, kaskazini mwa Kandahar nchini Afghanistan, mwelekezi wa Kimarekani alibadilisha betri ya kifaa chake cha GPS, na kifaa kilipowaka tena kikaonyesha mahali alipokuwa yeye mwenyewe badala ya mahali pa adui. Bomu la ratili 2,000 lilitii namba hizo kikamilifu na kuwaua wanajeshi watatu wa Marekani pamoja na Waafghani waliokuwa upande wao, na Hamid Karzai, aliyekuwa ameteuliwa siku hiyo kuiongoza serikali ya mpito, akanusurika na majeraha. Mzinga wa kizamani hukosea kidogo kila mara, nao wanaoutumia hukaa wakiutilia shaka. Silaha sahihi hukosea kwa nadra, lakini ikikosea hukosea yote, na kwa kuwa imeaminiwa hakuna anayeikagua mara ya pili.

Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika zimejionea jambo hili kwa uchungu. Januari 2022, kambi ya wakimbizi wa ndani ya Dedebit katika jimbo la Tigray nchini Ethiopia ilipigwa kutoka angani na watu wanaokaribia 60 wakafa. Mabaki yaliyopatikana yalitambuliwa kuwa ya bomu dogo la MAM-L, linaloongozwa kwa leza na kubebwa na ndege zisizo na rubani za Kituruki. Machi 18, 2024, katika mashamba ya Shabelle ya Chini nchini Somalia, raia 23, kati yao watoto 14, waliuawa kwa silaha ya jamii hiyo hiyo kwa mujibu wa uchunguzi wa Amnesty International. Silaha zenyewe hazikupotea njia. Zilifika. Uamuzi wa nani yuko pale chini ndio uliopotoka, na uamuzi huo hutoka kwa majasusi, wapelelezi wa vijijini, picha zilizotazamwa kwa haraka na makamanda wenye shauku ya kutoa taarifa ya ushindi.

Ikilinganishwa na hayo, hali ya silaha zisizoongozwa si njema zaidi, na ni udanganyifu kuzitetea kwa ajili ya makosa ya zile nyingine. Oktoba 30, 2011, wiki mbili tu baada ya Linda Nchi kuanza, shambulio la anga katika mji wa Jilib liligusa kambi ya waliohama makwao. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilisema watu watano walikufa na 45 kujeruhiwa, wengi wao watoto, ilhali jeshi la Kenya lilikana na kusema lilipiga maficho ya Al-Shabaab. Mjini Mogadishu, kabla ya hapo, mota za AMISOM zilizokuwa zikijibu mapigo kutoka soko la Bakara ziliwagharimu raia wengi maisha hata ujumbe huo ukalazimika kuandika sera ya matumizi ya silaha za kurusha kwa mbali, iliyoyatenga maeneo yasiyopigwa na kudai kila pigo lijulikane limetoka kwa nani. Inafaa kuzingatiwa kwamba sera hiyo iliongeza usahihi bila kununua hata kombora moja jipya.

Mpaka wa pili wa silaha za kuongozwa ni wa kiufundi, nao umejitokeza wazi katika vita vya Ukraine. Mawimbi ya setilaiti za GPS yanapofika ardhini huwa hafifu mno, na kisambaza mawimbi cha bei ya kawaida huweza kuyafunika, au hata kuyaigiza ili kombora lidhani liko pengine. Warusi waliposambaza mitambo hiyo kwenye mstari wa mbele, ufanisi wa Excalibur, ambao awali uliwastaajabisha Waukraine, ulishuka chini ya asilimia 10 kwa tathmini zilizoripotiwa mwaka 2024, na vikosi vyao vikarejea kwenye makombora ya kawaida. Al-Shabaab hawana mitambo ya aina hiyo kwa kiwango hicho, na kwa mapambano ya Jubaland, kusini mwa Somalia, hoja hii yaweza kuonekana ya mbali; hata hivyo jeshi hununua silaha za miaka 30, si za adui wa leo, na huko mashariki mwa Kongo majeshi yenye vifaa vya kisasa vya kielektroniki tayari yamekutana.

Bei ndiyo hoja inayoelezwa kwa urahisi na kueleweka vibaya. Kombora moja la Excalibur limegharimu, kutegemea mwaka na kiasi kilichoagizwa, karibu dola 100,000, ambazo ni kama shilingi milioni 13 za Kenya, wakati kombora la kawaida la kipimo hicho ni la dola elfu chache. Tukirudi kwenye hesabu ya mtaro, makombora 145 kwa dola 3,000 kila moja ni zaidi ya dola 400,000, kwa hiyo lile ghali ndilo rahisi. Lakini si kila kazi ya mzinga ni mtaro mmoja. Sehemu kubwa ya kazi ya mizinga katika vita vyovyote ni kumfanya adui ainamishe kichwa wakati askari wa miguu wanasonga, kuziba njia yake, kumnyima usingizi, na kwa kazi hizo kinachohitajika ni wingi na muda, si uhakika wa mita tatu. Katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979, mitambo ya Kitanzania ya BM-21, ambayo Waganda waliipa jina la Saba Saba na ambayo hurusha roketi 40 kwa sekunde zipatazo 20, iliyavunja majeshi ya Idi Amin kwa kelele na hofu kuliko kwa shabaha. Novemba 2013, helikopta za Rooivalk za Afrika Kusini zilitumia roketi za kawaida za milimita 70 kuzipiga ngome za waasi wa M23 katika vilima vya Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, huku Watanzania na Wamalawi wa brigedi hiyo hiyo ya Umoja wa Mataifa wakiwa ardhini, na waasi wakasalimu amri ndani ya siku chache. Ni kweli kwamba vilima vile havikuwa mitaa yenye watu.

Gharama nyingine haionekani kwenye ankara. Silaha ya kuongozwa humfunga mnunuzi kwa muuzaji: vipuri, programu za kompyuta, ramani za kidijitali, betri zenye muda wa kuharibika, na ruhusa ya kisiasa ya kila shehena mpya. Januari 2017 serikali ya Marekani iliidhinisha mpango wa kuiuzia Kenya ndege ndogo 12 za Air Tractor zenye silaha za kuongozwa, kwa makadirio ya dola milioni 418. Mjadala kuhusu bei na kampuni iliyochaguliwa ukazuka Washington na Nairobi, na ndege hizo hazikuja. Funzo lililomo ni kwamba uwezo unaotegemea kura za bunge la nchi nyingine hauwezi kuwa uti wa mgongo wa mpango wa vita, hata kama Kenya tangu Juni 2024 imehesabiwa na Marekani kuwa mshirika mkuu aliye nje ya NATO.

Swali la kupigana mjini linastahili kutazamwa peke yake, maana Nairobi imekabiliana nalo mara mbili. Katika shambulio la Westgate, Westlands, lililoanza Septemba 21, 2013 na kuua watu 67, wanajeshi na polisi waliingia bila amri moja, afisa wa kikosi cha polisi cha Recce akauawa kwa risasi za upande wake, silaha nzito zikafyatuliwa ndani ya jengo, na hatimaye sehemu ya nyuma ya jengo hilo ikaporomoka; serikali ilieleza kuwa magaidi walichoma magodoro, maelezo ambayo wengi hawakuyakubali. Katika shambulio la hoteli ya DusitD2, Riverside, Januari 15, 2019, lililoua watu 21, polisi waliongoza operesheni tangu mwanzo hadi mwisho kwa bunduki za kawaida, wakatoa mamia ya watu wakiwa hai, na jengo likabaki limesimama. Hakuna kombora la kuongozwa lililotumika Riverside. Usahihi wa siku ile ulitoka kwenye amri moja na mazoezi. Isitoshe, hata kombora linaloanguka pale pale lilipotakiwa bado lina kilo kadhaa za vilipuzi, na vipande vyake vya chuma huruka makumi ya mita kupita kuta za mabati. Katika mitaa iliyosongamana ya Kawangware au Ngando, kupunguza kosa la shabaha bila kupunguza ukubwa wa mlipuko ni nusu tu ya kazi.

Sheria nayo inataka madhara kwa raia yapunguzwe. Itifaki ya Kwanza ya 1977 inayoongezea Mikataba ya Geneva, ambayo Kenya ni mwanachama wake, haimlazimishi yeyote kununua silaha za kuongozwa, bali humtaka kamanda achague, kati ya njia alizo nazo, ile itakayowadhuru raia kwa kiasi kidogo zaidi. Matokeo yake ni ya kushangaza kidogo: jeshi lenye silaha sahihi ghalani hubanwa zaidi na sheria kuliko lisilo nazo, kwa kuwa haliwezi kusema halikuwa na njia nyingine.

Mageuzi ya karibuni yameipunguza nguvu ya hoja ya bei, ingawa si kwa njia iliyotarajiwa. Droni ndogo zinazoendeshwa na askari kwa kutazama picha ya kamera zake, ambazo huko Ukraine zimetengenezwa kwa mamia ya dola, huweza kugonga gari linalotembea, na zile zinazofumua uzi mwembamba wa kioo nyuma yake haziwezi kuvurugwa kwa mawimbi. Ukomo wake ni wa dhahiri: hubeba mzigo mdogo, hushindwa na upepo na mvua, na kila moja hutaka rubani aliyefunzwa. Lakini mlango huo umefunguka kwa wote. Wapiganaji wa Dola la Kiislamu katika milima ya Puntland walitumia droni zenye vilipuzi dhidi ya majeshi ya jimbo hilo mwaka 2025, na hakuna sababu ya kudhani kwamba Al-Shabaab hawatafika huko.

Kwa jeshi lenye mfuko wa kadiri na adui wa msituni, mpangilio wa matumizi unaofaa ni tofauti na ule unaopendekezwa na wauzaji. Kwanza redio zinazosikika, droni za kutazama na waelekezi waliofunzwa hadi ngazi ya kombania; pili makombora ya kupambana na magari kwa kila kambi ya mbele, pamoja na vifaa vya kujikinga na droni; tatu akiba ndogo ya makombora ya kuongozwa ya mota na mizinga, ya kutumiwa pale tu ambapo raia au askari wenyewe wako karibu mno na shabaha. Kuanza na la tatu ni kununua mkono wa kupiga kabla ya jicho la kuona, na Bunge la Kitaifa, ambalo hupitisha bajeti ya ulinzi kila Juni, lina haki ya kuuliza hayo mawili ya kwanza yamefikia wapi kabla ya kuidhinisha hilo la tatu.